Ninavyotembeza familia na boti pale Mtera

Watu wakisikia nakaa Dodoma na nina boti wanacheka, eti utaiendeshea wapi, kwenye vumbi? Wanasahau Mtera ipo, unashika barabara ya Iringa masaa mawili hivi umefika, na lile ni bwawa la maana. Boti yangu ni ya faiba, mashine ya hosipawa 15, basi.

Kinachoniumiza kichwa kule kuliko hata mamba ni visiki. Maji yalipojaa miti ilizama ikiwa imesimama vilevile na mingine ipo mpaka leo, alafu maji yenyewe hayatulii, bwawa likijaa kabisa yanafika mita 698.5 kutoka usawa wa bahari na mwisho wa chini wa kufulia umeme ni 690, sasa piga hesabu, njia uliyopita freshi mwezi wa tano ukiirudia mwezi wa kumi na moja unakuta kisiki kimejificha chini kidogo tu ya maji. Mimi nikifika naulizia kwanza wavuvi wa siku hiyo, alafu namlipa kijana mmoja anakaa mbele na pondo anapima, mashine naiinua nusu, tunaenda mdogomdogo mpaka maji marefu.

Kwenye laifujaketi ndo kuna kazi. Shemeji yangu mmoja, mwili kama wote, akagoma.

"Shem, hili linanibana, mi mtoto wa Ukerewe bwana, maji nimezaliwa nayo."

"Shem, MV Nyerere 2018 si ilipindukia hukohuko Ukerewe? Tena inakaribia kabisa gati la Ukara."

Kimya. Akavaa, tukalegeza mikanda ikamtosha. Najua mfano ule ni mkali, zaidi ya watu 200 walikufa, ila kubembeleza nilikuwa nimebembeleza tangu nchi kavu.

Kingine ni picha. Kiboko akitoa kichwa tu wote wanataka kukimbilia upande mmoja na simu zao, na boti ndogo haina huruma hapo. Nimeweka sheria hakuna kusimama, mi ndo nageuza boti taratibu kila upande uone, na kwa mbali, maana kiboko ukimzibia njia ya kwenda maji marefu anakuja kwako. Akizama, kijana anagongagonga ubavu wa boti ili ajue tulipo asije akaibukia chini yetu. Mi kamba ya kuzimia mashine iko mkononi muda wote, nikirushwa inazima yenyewe.

Na upepo, hasa mwezi wa sita mpaka wa nane, asubuhi bwawa limelala kabisa alafu kufika saa nne au tano mawimbi hayo, kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu tuko majini na yakianza kuvunja meupe huko katikati nageuza, hata kama watoto wananuna. Tunahamia kwa wauza samaki wa kukaanga pale barabarani, na huko shemeji hana ubishi kabisa.