Tatoo ya kwanza: anza na ngozi, picha ije mwisho

Wengi wanaotaka tatoo ya kwanza hufika kwa mchoraji wakiwa na picha kwenye simu. Picha yenyewe imetolewa Instagram au Pinterest, ilipigwa dakika chache baada ya kuchorwa, juu ya ngozi nyeupe, chini ya taa kali. Ndipo wanauliza itakaa wapi. Hapo mambo yameanzia mkiani. Ngozi yako ndiyo inayosema mahali gani panafaa, mahali hapo ndipo panapopanga ukubwa, na ukubwa ndio unaokwambia ni picha ya aina gani itakayobaki kusomeka baada ya miaka 10.

Basi tuanze na ngozi. Sindano hupeleka wino kwenye tabaka la pili la ngozi, kina cha takriban milimita 1 hadi 2. Tabaka la juu, lile linalojibadilisha kila baada ya wiki chache, hubaki limeufunika wino huo, na humo ndimo ilimo melanini, rangi yako ya asili. Kwa hiyo tatoo iliyopona huitazami moja kwa moja. Unaitazama kupitia rangi ya ngozi yako, kama unavyomwona mtu ndani ya gari lenye vioo vya tinti. Nyeusi hupenya vizuri. Nyekundu iliyokolea, bluu nzito na kijani kizito huonekana, ingawa hazitakuwa kali kama zilivyo kwenye chupa. Njano, rangi ya waridi hafifu na nyeupe huzama kabisa kwenye ngozi nyeusi, au hugeuka kuwa kama doa. Kama unang'ang'ania rangi, mwombe mchoraji akuwekee vidoti vya rangi 3 au 4 mahali patakapofunikwa na mchoro baadaye, kisha subiri wiki 6 hadi 8 uone kilichobaki. Jaribio hilo lina faida nyingine: wino mwekundu ndio unaoongoza kwa kuleta mzio, na ni afadhali mwasho ukutokee kwenye kidoti kuliko kwenye ua zima.

Upo uzushi tunaousikia mara kwa mara, kwamba ngozi nyeusi ni "ngumu" na inahitaji sindano izame zaidi. Si kweli, na uzushi huo umeharibu mikono mingi. Sindano ikizama kupita kiasi wino husambaa chini ya ngozi na kuacha ukungu wa bluu kando ya mstari. Mchoraji akirudia mstari uleule mara nyingi, ngozi huchakaa na kupona na kovu lililoinuka. Kabla ya kumchagua mtu akuchore, mwombe picha za kazi zilizopona, za miezi 6 au zaidi, kwenye ngozi inayofanana na yako. Asiyekuwa nazo hata moja, tafuta mwingine.

Suala la makovu lina uzito kwetu kuliko wanavyoandika wengi, kwa sababu keloidi huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi. Keloidi ni kovu linalokua likavuka mpaka wa jeraha lenyewe, na linaweza kuanza miezi kadhaa baada ya jeraha kufunga. Hauhitaji kipimo cha maabara ili kupata dalili ya kwanza. Angalia kovu lako la chanjo ya BCG uliyopigwa utotoni: limebaki kishimo kidogo, au limevimba na kupanuka? Angalia matundu ya hereni, makovu ya chunusi kidevuni na kifuani, na mkwaruzo wowote wa zamani. Waulize wazazi na ndugu wa tumbo moja, maana hali hii hurithiwa. Ukikuta uvimbe mgumu uliovuka mpaka wa jeraha, ushauri wetu ni kuacha tatoo, au angalau kumwona daktari wa ngozi kwanza. Ukiwa salama kwa upande huo, bado ujue kwamba katikati ya kifua, mabega, sehemu ya juu ya mgongo na taya ndiko keloidi hupenda kuota. Watu wengi huchagua bega kwa tatoo ya kwanza bila kulifikiria hili. Mkono chini ya kiwiko na shavu la mguu vina hatari ndogo zaidi.

Tukija kwenye mahali, sehemu nne hazijawahi kutupa shida na mtu wa mara ya kwanza mwenye ngozi isiyo na historia ya keloidi: upande wa nje wa mkono kati ya kiwiko na kifundo, upande wa nje wa mkono juu ya kiwiko, shavu la mguu, na paja kwa nje. Ngozi ya hapo ni imara, ina nyama chini yake, haijikunji sana na unaweza kuisafisha mwenyewe wakati wa kupona. Mbavu, mfupa wa kifua, uti wa mgongo, kwapa, ndani ya kiwiko na nyuma ya goti huuma sana, na anayetetemeka kwa maumivu huchorwa mistari iliyopinda. Vidole, viganja na nyayo tunawakataza kabisa wa mara ya kwanza. Ngozi ya huko ni nene au inasuguliwa kila saa, wino hutoka vipande vipande, na utalazimika kurudia. Ndani ya kifundo cha mkono na kifundo cha mguu ngozi ni nyembamba mno. Ndiko wino husambaa kirahisi. Usichore juu ya baka au kidoa cha kuzaliwa, maana utamnyima daktari nafasi ya kuona kikibadilika.

Fikiria pia mwili wako unafanya nini kutwa. Dereva wa bodaboda mikono yake iko juani toka asubuhi, na jua ndilo linalofifisha wino kuliko kitu kingine. Mkanda wa suruali, kamba ya sidiria na ukanda wa begi husugua jeraha bichi. Mvuvi au mwogeleaji apange wiki 3 hadi 4 za kukaa nje ya maji ya bahari. Tumbo na nyonga hubadilika kwa ujauzito na unene. Upande wa nje wa mkono haubadiliki sana.

Na kazi. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi Tanzania huweka sharti kwamba mwombaji asiwe na alama ya kuchorwa mwilini. Emirates haipokei mhudumu wa ndani ya ndege mwenye tatoo inayoonekana akiwa amevaa sare. Kijana wa miaka 19 anayewaza Dubai au jeshi amalize kwanza jambo hilo, kwa sababu kufuta kwa leza ni ghali, kunahitaji awamu nyingi, na kwenye ngozi nyeusi leza yenyewe inaweza kuacha mabaka.

Mwelekeo wa mchoro ni jambo watu hujutia sana. Sheria ni moja: mchoro usimame wima kwa anayekutazama wakati mkono wako umening'inia. Ukiuchora uwe sawa unapoutazama wewe, wengine wote watauona kichwa chini maisha yako yote. Simba, ndege au uso uangalie mbele au kuelekea katikati ya mwili. Halafu kumbuka kwamba mkono huzunguka. Chora mstari mnyoofu kwa kalamu kutoka kwenye kifundo hadi kiwiko, kisha geuza kiganja juu na chini: mstari utajipinda. Ndiyo maana duara kamili, mraba na sentensi ndefu iliyonyooka havifai sana chini ya kiwiko, ilhali majani, mkuki, samaki au ua lenye shina refu hujipinda bila mtu kutambua. Umbo la mviringo lipeleke penye mviringo: paja, shavu la mguu. Bangili inayozunguka mkono ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, kwani mkono ni mpana juu na mwembamba chini, na ncha mbili zisipopimwa vizuri zitapishana.

Ukubwa nao. Kosa la kawaida ni kuchora kidogo mno kwa woga. Kila mstari hunenepa kadiri miaka inavyokwenda, hivyo kati ya mstari na mstari acha nafasi ya angalau milimita 2 au 3. Herufi ndogo zisiwe chini ya milimita 8 kwa urefu. Chini ya hapo matumbo ya a, e na o hujaa wino, na jina la mama linakuwa msururu wa madoa. Ua lenye petali nyingi linahitaji sentimita 8 hadi 10. Uso wa mtu, sentimita 12 na kuendelea. Tena usiweke kitu cha sentimita 5 katikati kabisa ya mkono ikiwa unawaza kuujaza mkono wote siku za mbele, kwa sababu kitazuia kila mchoro mkubwa utakaofuata.

Picha sasa unaweza kuichagua kwa akili iliyotulia. Chagua kitu kimoja, chenye umbo linalotambulika kwa kivuli chake tu. Jaribu hivi: igeuze iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu, ipunguze iwe kubwa kama ukucha wa kidole gumba, kisha itazame kwa macho yaliyofumba nusu. Usipoitambua, ni dhaifu. Theluthi moja iwe nyeusi tupu, theluthi kivuli, na theluthi ngozi iliyoachwa wazi. Ngozi hiyo wazi ndiyo mwanga wako. Usitegemee wino mweupe. Michoro ya kwetu imejaa maumbo yanayokidhi haya: korosho ya kwenye kanga, minyororo na mayungiyungi ya milango ya Zanzibar, mistari yenye kona kali ya Wamakonde. Ni maumbo mazito yenye ukingo safi, na hukaa vizuri sana kwenye ngozi nyeusi kuliko nyuso za mtindo wa rangi za maji zinazosambaa mtandaoni.

Anayetaka maandishi ya Kiarabu awe mwangalifu mara mbili. Programu nyingi za usanifu huzitenganisha herufi na kuzipanga kutoka kushoto, na mchoraji asiyesoma Kiarabu hatajua. Mpe msomaji wa kweli aikague karatasi, na aikague tena ikiwa juu ya ngozi.

Kabla ya kulipa arubuni, chapisha mchoro kwa ukubwa halisi katika vipimo 3, tuseme sentimita 8, 11 na 14. Kata, bandika kwa tepu ya karatasi, vaa nguo zako za kawaida, mwombe mtu akupige picha kutoka mita 2. Kwa kipimo cha muda mrefu tumia hina ya kweli: iache saa 6, rangi itakolea ndani ya siku 2 na kukaa wiki moja hadi mbili. Ambaye dini yake haimruhusu tatoo anaweza kuishia hapo hapo na asipungukiwe na uzuri wowote. Piko usilitumie kwa jaribio hili. Mara nyingi huwa ni rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD, inayoweza kuleta malengelenge na makovu mahali palepale ulipopanga kuchora.

Siku yenyewe, baada ya kunyolewa na kusafishwa, mchoraji atabandika stensili, yaani nakala ya mchoro inayohamishwa kutoka kwenye karatasi hadi kwenye ngozi. Simama wima, mikono imelegea, wakati inabandikwa. Ikibandikwa umelala au umekunja mkono itakaa upande ukisimama. Itazame kwenye kioo, piga picha, soma kila herufi moja moja. Ikiwa imepinda hata kidogo, sema. Stensili hufutwa kwa spiriti na kubandikwa upya, na mchoraji mzuri hataudhika hata mara ya tatu. Ukiridhika, iache ikauke dakika 10 hadi 15 kabla ya mashine kugusa ngozi, la sivyo kitambaa cha kwanza cha kufuta wino kitaondoka na nusu ya mistari.