Kazi yangu ilikuwa nzi

Bibi mzaa mama alifia Mikindani msimu wa mabibo, na kama hujawahi kukaa Mtwara msimu huo basi jua tu nzi wanakuwa balaa, maana mabibo yanaozea chini ya mikorosho na uani kwa watu kuna ndoo za uraka, ile pombe ya mabibo, zimefunikwa nusunusu. Mjomba alikuwa anatoka Masasi, basi likawafia pale Ndanda, ikabidi asubiriwe ndo bibi aoshwe. Mimi nlikuwa darasa la tano, mama mkubwa akanishikisha upepeo akasema, "We kaa hapa na bibi yako, nzi wasimsumbue."

Sasa bibi na nzi ugomvi wao ulikuwa wa siku nyingi. Alikuwa anauza samaki wa kukaanga barazani, sinia kalifunikia kawa, na jioni usingizi ukimpitia macho yanafumba ila mkono hausinzii, yaani nzi akitua tu juu ya kawa, paa! ncha ya kanga ishafika. Sisi wajukuu tulikuwa tunamvizia tuibe kipande tukijua kalala, tunaambulia hiyo kanga ya nzi.

Siku hiyo watu wazima wote wananambia bibi kapumzika, bibi kalala, nami nikawa kama nimekubali. Akaja jirani kumuaga, mama mkubwa akafunua shuka usoni, nzi mmoja akatua kwenye kope. Nzi wa kawaida tu wa nyumbani. Akashuka taratibu mpaka pembe ya jicho, akasimama, akaanza kusugua vimiguu vyake vya mbele kama mtu anayenawa. Upepeo ninao mkononi ila nilikuwa nasubiri mkono wa bibi. Mkono haukuja. Ndo hapo nikalia, wakadhani nimeogopa maiti.

Kwenye hitma maalim akasoma ile aya ya 73 ya Surat al-Hajj, kwamba hao wanaoabudiwa badala ya Mungu hata wakikusanyika wote hawawezi kuumba nzi, na nzi akiwapora kitu hawawezi kumnyang'anya. Aya inaongelea mambo mengine kabisa lakini akili yangu ya kitoto ikaganda kwenye kuporwa, nikawaza yule nzi kaondoka na nini cha bibi.

Juzijuzi nikaona kwenye simu mchoro wa Petrus Christus wa mwaka 1446, uko Metropolitan Museum kule New York, kachora mtawa mwenye ndevu halafu chini kwenye ukingo kamweka nzi, juu kidogo ya jina lake mwenyewe mchoraji. Wapo wanaosema alikuwa anaringia mkono wake tu, wengine wanasema ni ukumbusho wa kifo. Mi niko na hao wa pili, ila naona nzi kawekwa pabaya, angetua usoni.

Na nzi mwenyewe haishi sana, wiki mbili mpaka nne hivi, kwahiyo yule hata arobaini ya bibi hakuifikia.

Mjomba alifika magharibi, vumbi mpaka kwenye kope, akauliza nani alikuwa anampepea mama. Wakanisukuma mbele. Akatoa mia mbili akanipa, nikaenda kununua ubuyu, nikaula wote peke yangu nyuma ya choo.