Kibodi imezeeka, natafuta mrithi wake

Jamani ile kibodi yangu IBM Model M, ukoo wa tangu 1985, nzito kama tofali, umri umeifikia. Raha yake ni kwamba chini ya kila kitufe kuna springi inajikunja halafu tak! ndo unajua herufi imeingia, wife kashazoea zile kelele usiku. Ila ndani kuna vijipini vya plastiki vimeshikilia bamba la chuma na miaka ikienda vinakatika kimoja kimoja, ukiitingisha unavisikia vinacheza humo. Kuna watu wanatoboa wanafunga bolti ndogondogo, kazi nzuri ila inataka drili na moyo, mi sina hata kimoja.

Sasa mbadala. Unicomp wa Lexington, Kentucky, wanatengeneza hizi hizi za springi tangu 1996, na zina USB kabisa kwa hiyo hamna kuhangaika na adapta. Hiyo ndo namba moja kwangu, shida nauli ya mzigo mpaka huku bongo.

Zikinishinda nachukua ya swichi za kisasa, yani kila kitufe kina kidude chake chini kinachopokea mbonyezo, na hapo naangalia zichomoke bila kulehemu. Cherry, watengenezaji wa swichi, wanasema swichi zao nyingi za MX zinafika mibonyezo milioni 100, sawa, lakini moja ikigoma nataka niing'oe, niweke nyingine, niendelee na kazi. Vifuniko vya vitufe viwe plastiki ya PBT, maana plastiki ya ABS ikitumika sana inaanza kung'aa. Mataa ya rangi rangi wabaki nayo wenyewe.