Mjomba kavaa miwani

Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani pale Turiani, na pombe hakuijua hata harufu. Mwaka 1996 alitimiza miaka arobaini na mitano, na tundu la sindano likaanza kumkimbia. Nilimwona akiisogeza sindano mbali, mkono umenyooka kabisa, huku akilaani uzi. Ndivyo umri unavyofanya: lenzi ya jicho hukakamaa, cha mbali unakiona, cha karibu kinageuka ukungu. Safari moja ya Morogoro mjini akarudi na miwani ya kusomea, namba mbili, fremu nyeusi nene. Akawa mtu mpya. Hata vifungo vya shati langu alivikagua upya.

Mimi nilikuwa darasa la tatu. Likizo ile kazi yangu ilikuwa kukaa barazani kupokea wateja.

Akaja mama mmoja, anaoza mwanawe, kitambaa cha suti alikuwa amekileta juzi yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mjomba yupo?"

"Yupo ndani, kavaa miwani."

Akanitazama. "Saa hizi? Asubuhi yote hii?"

"Anavaa tangu akiamka. Siku hizi hawezi kazi bila kuvaa."

"Na cherehani anaendesha hivyo hivyo?"

"Ndiyo mama, tena akishavaa ndiyo anashona vizuri."

Kitambaa kilikuwa juu ya meza, hakijakatwa. Akakikunja, akakitia kwapani, akaondoka bila kuaga. Nikadhani ana haraka.

Nahau ile nilikuja kufundishwa miaka miwili baadaye: vaa miwani, maana yake lewa. Nahau ya kejeli, maana mlevi hata mlango wa nyumba yake haoni. Na kwetu neno lenyewe lilikuwa na mzigo wa tatu, kwa sababu tulizungukwa na mashamba ya kiwanda cha sukari cha Mtibwa. Ukisema fundi yupo miwani, mwingine anaweza kwenda kumtafuta kwenye miwa. Umoja wake nao usiuguse: ukigeuza hiyo "mi" kuwa "m" ukasema "mwani", umeshafika baharini.

Lakini siku ile sikujua lolote. Kufika Ijumaa, habari ilikuwa imeshatangulia msikitini. Mzee mmoja alimvuta mjomba pembeni akamuusia kwa upole juu ya ulevi, na mjomba akarudi nyumbani amekunja uso hadi miwani imepanda kwenye nyusi. Akanihoji. Nikamweleza neno kwa neno. Nilitegemea fimbo, ila alicheka mpaka akakaa chini.

Jioni tukaenda wote kwa yule mama. Suti ilikuwa imeshakatwa na fundi mwingine, hilo halikuwa na dawa. Mjomba hakubishana. Alivua miwani, akamwekea mkononi.

"Mama, niliyovaa ni hii."

Yule mama aliigeuza, akaifuta kwa pindo la kanga, kisha akaijaribu puani. Akanyamaza. Akavuta lile pindo karibu, akaanza kusoma jina la kanga yake mwenyewe, silabi kwa silabi, midomo ikitikisika.

"Fundi," akasema bila kuinua uso, "hii umenunua bei gani?"