Barua ya Mapatano Iliyogeuzwa Kielelezo

Ufa wa kwanza ulianzia kwenye kona ya dirisha ukashuka hadi msingini, wiki chache baada ya kampuni moja ya ujenzi kuanza kuchimba kiwanja kinachopakana na changu. Kampuni ilikataa hasara aliyokadiria mthamini wangu, nami, kwa kuhofia nyumba kuharibika zaidi, nikaiandikia kwamba ningepokea theluthi mbili ya kiasi hicho tumalizane. Sikuandika juu ya barua hiyo maneno “bila kuathiri haki”, yanayokusudiwa kuzuia barua ya mapatano isitumiwe mahakamani kama ushahidi, kwa kuwa sikujua uzito wake.

Kesi ilipofunguliwa, niliikuta barua ile imeambatishwa kwenye hati ya kiapo ya mdaiwa, ikielezwa kuwa ni kukiri kwangu kwamba hasara haizidi theluthi mbili. Iliniuma sana, maana nilichokiandika kwa kutafuta amani kilikuwa kinatumiwa kunipunguzia haki.

Wakili wangu aliweka pingamizi. Alieleza kwamba kinachotazamwa ni kama mgogoro ulikuwapo na kama maandishi yalilenga kwa dhati kuumaliza, wala si kichwa cha barua peke yake. Alitaja kifungu cha 23 cha Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872 (iliyotumika huko hadi 2024), ambacho maneno yake yaliigwa katika nchi kadhaa: ulinzi hutokana na sharti lililowekwa wazi, au na mazingira yanayoonyesha kwamba pande zote zilikubaliana ushahidi huo usitolewe. Mahakama ilikubali pingamizi na kuiondoa barua nzima.

Siku chache baadaye jaribu likawa langu. Wakati wa mazungumzo kampuni nayo ilikuwa imeahidi kulipa nusu, na nilitaka ahadi hiyo iwasilishwe ili ithibitishe kwamba walijua kosa lao. Wakili alikataa katakata, na sasa naona alikuwa na haki: ngao iliyonikinga mimi iliwakinga na wao, na mtu hulipa wakati mwingine kwa kununua utulivu tu, bila kukubali kosa. Huko Marekani, Kanuni ya 408 ya ushahidi katika mahakama za shirikisho inakataza jambo hilohilo, yaani kutumia ahadi ya mapatano kuthibitisha au kupinga uhalali au kiasi cha dai linalobishaniwa.

Hata hivyo, picha za ufa na ripoti ya mthamini zilibaki kwenye jalada. Zilikuwapo kabla ya mazungumzo, na kitu hakigeuki siri kwa kuwekwa tu mezani pa mapatano. Tangu hapo nilitenganisha maandishi yangu: barua moja ya ukweli wa uharibifu, ambayo niliitaka isomwe na hakimu, na nyingine ya kiasi, yenye maneno ya kinga juu kabisa.

Tulipokutana tena, tulisaini kwanza ukurasa mmoja wa kutunza siri, ndipo tukataja kiasi, na mwishowe tukaelewana kwa barua mbili, ya kwao ya kutoa pendekezo la malipo na ya kwangu ya kulikubali. Walipochelewa kulipa na kudai kwamba hakukuwa na makubaliano yoyote, barua hizo mbili ziliruhusiwa kusomwa mahakamani licha ya kinga yake, kwa sababu swali sasa lilikuwa kama mapatano yamefikiwa, na walilipa.