Pampu Tatu na Moto Usiozimwa kwa Swichi

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba hapa Tanzania kuna nyumba zimewekewa mabomba ya kupasha vyumba joto, atadhani unamtania. Mwache aende Njombe mwezi wa saba. Asogee mbele kidogo, uelekeo wa Makete, alale huko usiku mmoja, aamke akute majani ya viazi yamekuwa meusi kwa barafu. Wengi kule hujikinga kwa blanketi na jiko la mkaa. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa limeshaua watu waliolala wazima, kwa hewa isiyo na rangi wala harufu. Masista walioniita, mimi fundi umeme wa Mbeya, mwaka 2013 walikuwa na wazee wengi ndani ya nyumba, na jambo hilo walilijua vizuri. Ndiyo maana walikuwa na boila, tanuri la kupasha maji yanayozunguka kwenye mabomba ya nyumba.

Boila yenyewe ilitoka Ujerumani ikiwa imeshatumika, zawadi ya marafiki wa shirika lao. Ilikula kuni za miwati, mti uliopandwa sana Njombe tangu enzi za Mwingereza kwa ajili ya magome yake ya kulainishia ngozi. Maji yakipata moto yaliingia kwenye bomba kuu, na hapo yakagawanyika njia tatu: ya kanisa dogo, ya vyumba vya masista wazee, na ya bwalo pamoja na vyumba vya wageni. Kila njia na pampu yake, kitu kidogo cha wati 90 hivi unachoweza kukishika kwa mkono mmoja. Kila eneo na themostati yake ukutani, kifaa kinachopima joto la chumba na kuita pampu likipungua. Kanisa lilitakiwa kupata joto alfajiri na jioni tu, wazee usiku kucha, wageni wakiwapo.

Hayo ndiyo yaliyokusudiwa. Nilichoelezwa na Sista Mkuu nilipofika kilikuwa kingine.

"Mwanangu, tukiwasha kanisani, vyumba vya wageni navyo vinawaka. Wageni wenyewe hakuna. Kuni zinakwisha utadhani tuna harusi kila siku."

Pembeni yake alisimama fundi bomba, mtu wa makamo kutoka Mafinga, ambaye ndiye aliyelaza mabomba yote ya nyumba ile. Tulisalimiana kamwene, kisha akaniwahi: "Kaka, mabomba yangu hayana kosa. Ugonjwa uko kwenye umeme."

Kwa sehemu alikuwa na haki. Nilipofungua boksi la umeme nilikuta rilei tatu, yaani swichi zinazoendeshwa na umeme mdogo, kila moja ikiamshwa na themostati yake kwa volti 24, na kila moja ikipeleka volti 230 kwenye pampu yake. Mpaka hapo safi. Lakini fundi aliyenitangulia alitaka na feni ya boila, ile inayopuliza moto, iwake kila pampu yoyote inapowaka. Wazo zuri kabisa. Alichofanya ni kuchukua laivu, nyaya zinazoleta umeme, za pampu zote tatu, akazikusanya kwenye konekta moja, akatoa hapo waya wa kwenda kwenye feni.

Umeme hauulizi ulikotoka. Rilei ya kanisa ikifunga, laivu inafika kwenye pampu ya kanisa, inafika kwenye konekta, inakwenda kwenye feni, na papo hapo inarudi kinyumenyume kwenye pampu ya wazee na ya wageni. Themostati moja inaita, nyumba nzima inaitika. Ungeweza kubadilisha themostati zote kwa mpya za bei mbaya na tatizo lingebaki palepale, na nadhani ndivyo ilivyokuwa imeshafanyika, maana ya kanisani ilikuwa bado na nailoni yake.

Dawa yake ni kutenganisha kazi mbili zisizopaswa kugusana. Niliagiza rilei za miguu minane, ambazo ndani zina swichi mbili zinazofunga kwa pamoja lakini hazishirikiani umeme. Swichi ya kwanza ni ya pampu tu. Za pili, za rilei zote tatu, unaziunga sambamba kwenda kwenye feni. Yeyote akiita, feni inapuliza, na pampu ya jirani haijui kitu. Zilitoka Kariakoo, zikashushwa na basi Makambako, nikazifuata huko.

Wakati nazisubiri nilisafisha mengine. Ganda la pampu ni chuma, na chumba cha boila hakikauki, kwa hiyo kila pampu nikaivutia athi yake, waya wa kwenda ardhini, na juu yake nikaweka breka inayokata umeme ukivuja. Palikuwa pia na transfoma mbili za volti 24, zimeachwa ndani ya boksi moja bila sababu ya maana. Anayekuja baadaye akiziunga akakosea ncha, volti zinajumlishana, anapata 48 na koili, zile sumaku za ndani ya rilei, zinaungua. Koili tatu za wati chache hazihitaji transfoma mbili. Nikatoa moja nikamkabidhi Sista Mhasibu, akaiandika kwenye daftari la vifaa.

Siku ya kujaribu tuliita kanisa peke yake. Pampu ya kanisa ikaanza kuunguruma, feni ikapuliza, nyingine kimya. Nikaanza kukusanya bisibisi zangu. Haikupita muda mrefu fundi bomba akatoka vyumba vya wageni anacheka hadi machozi.

"Fundi wa Mbeya! Njoo uguse rejeta huku. Si ulisema umemaliza?"

Nikagusa kile chuma cha ukutani kinachotoa joto chumbani. Vuguvugu, tena joto linapanda. Nikarudi kwenye pampu ile nikaweka testa: hakuna kitu. Nikaona nisibishane, nikachomoa waya wa pampu kabisa, nikamwekea mkononi. "Huu hapa umeme wangu. Sasa tusubiri." Rejeta ikazidi kupata moto.

Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, yakipata njia ya kupanda yanapanda bila kuombwa. Isitoshe, pampu ya kanisa ilikuwa inasukuma maji kwenye bomba la pamoja, na njia ya jirani iko wazi, kwa nini yasipite? Kinachozuia ni valvu ya njia moja mbele ya kila pampu. Nikamuuliza ziko wapi. Akanyamaza kidogo, akajikuna kichwa.

"Kwenye mchoro wa Wajerumani zilikuwamo. Niliambiwa pesa haitoshi."

Sista Mhasibu alikuwa anatusikiliza kutoka mlangoni. Valvu tatu zilinunuliwa wiki ileile.

Hapo wengine wangehesabu kazi imekwisha. Mimi kilichoninyima raha ni ule mchoro wa Wajerumani wenyewe. Ulikuwa wa boila ya mafuta. Boila ya mafuta ni mtumishi mtiifu: themostati zote zikiridhika, rilei zinaachia, mwali unazima, basi. Kuni hazina swichi. Feni ikisimama moto unafifia, lakini tumbo la boila lililojaa magogo ya miwati litaendelea kutoa joto kwa muda mrefu. Pampu zimelala, maji hayaendi popote, joto linapanda. Na huko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, maji ya sufuriani yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100 kama Dar. Nafasi ya kuchezea ni ndogo kuliko mchoro ulivyodhani.

Nilipendekeza swichi ya joto ifungwe kwenye bomba linalotoka boila. Maji yakifika nyuzi 80, iwashe pampu ya bwalo hata kama themostati ya bwalo haijaita, joto likamwagikie huko. Sista Mhasibu hakupendezwa. Kupasha bwalo usiku wa manane, nani anakula? Nikamwambia bwalo ndilo pua ya boila, bila hilo haipumui.

Kulikuwa na mtego katika kuiunga, na nakiri nilijisikia fahari kuuona mapema. Njia rahisi ni kuiunga swichi ile sambamba na themostati ya bwalo, iamshe koili ya rilei. Lakini rilei ikiamka, swichi yake ya pili inawasha feni. Yaani boila imezidi moto, nawe unaipulizia! Kwa hiyo niliipitisha nyuma ya rilei, ikapeleka laivu moja kwa moja kwenye pampu, feni isiguswe.

Fundi bomba aliangalia yote hayo amekunja mikono. Kisha akauliza swali moja.

"Na umeme ukikatika?"

Jibu lake alikuwa nalo tangu zamani. Alikuwa ameshalaza bomba nene kutoka juu ya boila kwenda kwenye rejeta mbili kubwa za korido ya ghorofani, lisilo na pampu, maji yapande yenyewe na kushuka yenyewe. Mtu mmoja alikuwa amelifunga kwa valvu ya mkono ili kuokoa kuni. Yeye alitaka libaki wazi siku zote. Mimi nilitaka tununue valvu ya springi inayoshikiliwa na umeme isifunguke, na umeme ukikatika ijifungue yenyewe. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mimi nilisema joto la bure linapotea usiku na mchana; yeye akasema springi isiyotumika mwaka mzima hukwama siku unayoihitaji.

Sista Mkuu ndiye aliyeamua. "Acheni la fundi bomba wazi. Korido ikiwa na joto, wazee wakienda msalani usiku hawatateseka." Fundi bomba akafungua valvu mpaka mwisho, akang'oa mpini wake akautia mfukoni. Mpaka leo naona valvu yangu ingeokoa kuni, ila sikuwa na la kumjibu kuhusu wazee.

Tukajaza boila magogo, tukasubiri moto ukolee, nikashusha mainswichi. Pampu kimya, feni kimya. Tukasimama mbele ya kipimajoto: 78, 82, 86. Sista Mhasibu anaandika kila namba. Ikafika 88 ikakaa hapo kwa muda ulioonekana mrefu, kisha ikaanza kurudi. Ghorofani rejeta za korido zilikuwa hazishikiki. Fundi bomba hakusema kitu, alinitazama tu.

Juni iliyofuata nilipokea simu. Pampu ya kanisa inanguruma ila maji hayaendi. Nilijua ni nini: pampu za aina ile hulainishwa na maji yanayopita ndani yake, zikilala miezi yote ya joto, uchafu huganda kwenye ekseli. Nikamwambia Sista Mhasibu ashushe breka kwanza, atafute bisibisi bapa, afungue ile skrubu kubwa ya katikati, asiogope maji kidogo yakidondoka. Ndani ataona mfereji. Azungushe.

Nikasikia anahema, chuma kikilalamika, kisha: "Imeachia. Inazunguka yenyewe kwa kidole."

Nikamwambia arudishe skrubu, apandishe breka. Ikawaka.

"Asante, mwanangu. Nilikuwa nimeshakutengea nauli ya kuja kutoka Mbeya," akasema, "sasa nairudisha kwenye fungu la kuni."