Halloween ya zamani, hakuna aliyekula bure

Kila Oktoba ikielekea mwisho ubishi wa Halloween unaanza upya, huyu anasema ni ibada ya shetani, yule anasema ni biashara ya pipi tu, na wote wanaruka sehemu tamu kuliko zote, yaani kile ambacho wanavijiji wa Ayalandi na Uskoti walikuwa wanafanya usiku ule. Ukifuatilia mila zao unaona kila mahali ni nipe nikupe.

Mwanzo ni Samhain, sikukuu ya Novemba mosi ya Waselti, watu wa kale wa Ayalandi na Uskoti. Mavuno yamekwisha, ng'ombe wameshushwa kutoka malisho ya milimani, wengine wanachinjwa maana chakula cha kuwavusha wote msimu wa baridi hakitoshi. Kwa Waselti siku ilianza jua likizama, ndo maana Novemba mosi yao inaanza jioni ya Oktoba 31. Waliamini usiku huo wafu wa ukoo wanarudi nyumbani, na viumbe wa ajabu wanaoitwa aos sí wanatoka kwenye vilima vyao, basi unawaachia chakula nje ili mifugo yako ivuke baridi salama. Unatoa, unalindwa.

Kanisa likaja na sikukuu ya Watakatifu Wote Novemba mosi na Marehemu Wote Novemba 2, na Uingereza maskini wakawa wanapita mlango kwa mlango wanapewa vikeki, wao wanawaombea marehemu wa nyumba ile. Tena nipe nikupe!

Halafu kuna mambo ya kubashiri ndoa usiku huo, haya nayapenda mno na sijui kwa nini hayasimuliwi. Robert Burns, mshairi wa Uskoti, aliyaandikia shairi zima mwaka 1785. Vijana wa Uskoti wanafumbwa macho, wanaingia bustanini gizani, kila mmoja anang'oa shina la mboga, likitoka limenyooka basi mchumba atakuwa amenyooka, likiwa limepinda ndo hivyo tena, udongo ukiganda mizizini ni dalili ya mali, alafu wanaonja moyo wa shina wajue tabia yake ni tamu au chungu. Au wanaweka njugu mbili kwenye moto, moja yako moja ya unayempenda, zikiungua pamoja kwa utulivu ndoa ipo, moja ikiruka pembeni sahau.

Na ile taa ya Halloween ya boga lililochongwa uso haikuwa boga kabisa, ilikuwa tanipu, mboga ya mzizi. Kule Mayo, Ayalandi, kuna jumba la makumbusho lenye mfano wa taa hiyo ya zamani, kiuso kidogo kimekunjamana, meno yamechongoka, kwa kweli kinatisha kuliko boga lolote. Wahamiaji walipofika Marekani wakakuta maboga, makubwa na rahisi kuchonga, tanipu ikaachwa.

Kilichoniuma ni wimbo kupotea. Mtoto wa Uskoti alijipaka masizi usoni asitambulike, akavaa nguo chakavu, lakini mlangoni lazima atoe kitu, aimbe, aghani au achekeshe, ndo apate tufaha au njugu zake. Marekani na Kanada hiyo ikageuka kuwa tishio la utani, nipe pipi au nikufanyie utundu, na mtoto hatoi chochote. Natamani sana waliochukua boga wangechukua na hili, maana Uskoti bado zipo nyumba ambazo mtoto akigonga anaulizwa kwanza ameandaa nini, na pipi zinakuja baada ya shairi.